Nilikuwa Naonja Tu

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi ndugu wa makanisa mengine mliokuja kukaa nasi leo, Bwana asifiwe kwenu pia, msije mkarudi kwenu mkasema Wakatoliki wa Pito hawajui kusalimu.

Mimi ni Oresta, mke wa Dismas. Wengi mnaniita Mama Neema. Wengine mnaniita mpishi, kwa sababu mmekaa uani kwangu na mrija mdomoni, na leo mmeinamisha macho kana kwamba hatujuani. Inueni vichwa. Sikuja hapa kumtaja mtu.

Tangu mwenyekiti wa jumuiya atangaze kwamba nitatoa ushuhuda, sijapumzika. Mama mmoja amenifuata hadi kisimani kuniuliza lile pepo la pombe lilikuwa la aina gani, na kama lilipiga kelele lilipokuwa linatoka. Jamani, hapakuwa na pepo. Lingekuwepo ningelisingizia mimi wa kwanza, maana nilitafuta sana wa kumsingizia, na mtasikia nilimpata nani. Mwingine ameniomba niseme nimeacha pombe milele, eti ndiyo watu watabarikiwa. Sitasema. Mimi nilipumzika wiki sita. Zilipoisha nikaongeza nyingine, na ndizo nilizomo sasa. Anayetaka ushuhuda wa milele amsubiri mtu mwingine, mimi nitasema kilichotokea.

Ndugu zangu, nimepika kimpumu miaka ishirini na saba. Kwa mgeni asiyeijua, hiyo ni pombe yetu ya ulezi. Ulezi unaloweshwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa na kuachwa uchachuke. Mnywaji anapewa chungu chake, tunamwagia maji ya moto juu ya machicha, naye anavuta kwa mrija taratibu, maji yakipungua tunaongeza mengine. Kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa sita, hakuna anayehitaji kushawishiwa.

Sasa kuna desturi yetu moja, nayo ndiyo iliyonifikisha hapa. Chungu hakiendi kwa mgeni hivihivi. Mpishi anavuta mrija kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone kwamba ndani hakuna kilichotiwa. Na havuti kidogo. Ukivuta kidogo, mgeni anajiuliza unaogopa nini. Unavuta vizuri, unameza, unatabasamu, ndipo unamkabidhi. Kila chungu, kila mgeni, siku zote za wiki isipokuwa asubuhi ya Jumapili. Hapo sijahesabu kuonja kwa upishi wenyewe, kwamba imekolea au bado, imechachuka sana au kiasi.

Lakini mngeniuliza wakati ule kama nakunywa pombe, ningewajibu bila kupepesa macho kwamba sinywi. Na nilijibu hivyo, kwa paroko, kwa mama mkwe, kwa madaktari. Sikuwa nadanganya, ndiyo jambo linalonikera mpaka leo! Niliamini kabisa. Wanywaji walikuwa wale waliokaa kwenye viti vyangu. Niliwasema, niliwafukuza jua likizama, niliwahurumia wake zao. Mimi nilikuwa naonja tu.

Mwili wangu ulikuwa umeshachoka kunisubiri nielewe. Asubuhi uso ulivimba. Kifua kiliwaka moto baada ya kila mlo, nikasema ni maharage. Usingizi ulikuwa wa vipande vipande, nikasema ni umri. Miguu ilijaa hadi viatu vyangu vya kanisani vikakataa kuingia, nikaenda misa na ndala mwaka mzima na kusema ni kunyenyekea mbele za Mungu. Hasira zangu zilikuwa karibu kila saa, na hizo nilisema ni za watu wenyewe kunichokoza.

Kisha likaja la macho. Jicho la kulia lilishikwa na mtoto wa jicho, likawa kama natazama kupitia chupa ya maziwa. La kushoto nalo likaanza kufuata. Siku moja nilikuwa natoka shambani nikaona mzee amesimama pembeni ya njia, nikapiga goti nikamwamkia shikamoo. Kimya. Nikaamkia tena. Kumbe ni kisiki ambacho mtu alikitundikia koti wakati analima. Mwenye koti alicheka siku nzima, nami nikacheka naye. Lakini nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu nilijua ninakoelekea. Wiki hiyohiyo nilimwagia mgeni maji ya moto gotini, nikidhani goti lake ni chungu. Ndugu zangu, niliogopa upofu kuliko nilivyowahi kuogopa kifo. Nilimwomba Mungu jicho moja tu.

Mwaka jana baada ya mavuno madaktari wa macho walikuja hospitalini mjini, nikaandikishwa. Nilivaa lile gauni lao la kufungwa nyuma, nimekaa kwenye benchi na rozari mkononi, zamu yangu imebaki watu wawili. Wakanipima presha. Wakapima tena. Daktari akaniambia kwa upole kwamba presha hiyo ni kubwa mno, jicho halifunguliwi kwa presha hiyo, linaweza kuvuja damu ndani. Akauliza, "Mama, unatumia pombe?"

"Situmii."

Akaandika. Akanipa vidonge, nirudi siku yao ya mwisho. Nilirudi, presha ikawa palepale, wakaondoka, jicho langu likabaki na ukungu wake. Nyumbani nilisema mashine yao imeharibika. Na vile vidonge nilikuwa nameza kila asubuhi bila kukosa, kwa uaminifu mkubwa. Nitawaambia pia nilikuwa namezea nini. Nilikuwa namezea chochote kilichokuwa mkononi, na mkononi mwa mpishi asubuhi mnajua kuna nini.

Sasa yule wa kumsingizia. Ninyi mnajua sifa zetu. Mtu wa mikoa mingine akisikia unatoka Sumbawanga anakuuliza uchawi kabla hajakuuliza mahindi. Inaudhi, na tunaudhika, kisha tunarudi nyumbani na kufanya yaleyale wanayotusema. Nikaamua kwamba ni wifi yangu Gaudensia, dada yake Dismas, ndiye amenifunga macho. Kosa lake nini? Alisifia chungu changu kipya wiki moja kabla jicho halijaanza. Basi. Kwa hilo tu niliacha kula kwake mwaka mzima. Akileta mboga za majani nampa kuku, na wale kuku wakanenepa, na bado sikujifunza kitu. Gaudensia, wewe ulishanisamehe, lakini nalisema mbele ya watu kwa sababu nililifanya mbele ya watu.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Februari, tulipata nesi mpya zahanati, binti wa kijiji cha Mwazye. Nilikwenda kuchukua vidonge. Akapima presha, akauliza swali lilelile, nikajibu jibu lilelile. Akaitazama mikono yangu. Mikono ya mpishi wa ulezi haifichiki, kimea kinaingia kwenye kucha hakitoki hata kwa Krismasi.

"Mama, unapika?"

"Napika."

"Unaonja?"

"Sasa mpishi gani haonji, mwanangu?"

"Hebu nionyeshe unavyoonja."

Mrija wangu nilikuwa nao mkobani, natembea nao kama wengine wanavyotembea na kalamu. Akajaza maji kwenye kikombe chake cha chai, akanisogezea. Nikavuta kidogo, kiungwana. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Vuta kama mgeni anakutazama."

Nikavuta kama mgeni ananitazama. Tukachungulia wote wawili. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu.

Hakunihubiria. Aliniambia nikienda nyumbani nipike kama kawaida na nionje kama kawaida, ila kila nikionja, nimwage nusu kikombe cha maji kwenye ndoo, jioni niitazame. Nilipokuwa nasimama akasema, "Mama yangu naye alikuwa mpishi pale Mwazye. Naye alikuwa anaonja tu. Tulimzika na miguu imevimba kama yako hivyo."

Nilikasirika, siwafichi. Nilitembea hadi nyumbani nikimjibu kichwani, nikisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nikaweka ndoo ya lita kumi nyuma ya mlango ili kumwonyesha kwamba amekosea. Asubuhi nilimwaga maji nikiimba. Mchana sikuimba tena. Jua lilipoanza kushuka na wageni wa mwisho wakaondoka, niliinama nikapapasa kwa mkono, kwa sababu macho sikuyaamini, nikakuta maji yamevuka nusu ya ndoo. Nikamwita Dismas aje kutazama.

"Mama Neema, haya maji ni ya nini?"

"Haya maji ni mimi," nikamwambia. Nikakaa chini palepale.

Ndugu zangu, ukombozi wangu ulianzia kwenye ndoo hiyo. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliona maji, nikayaonea aibu.

Nesi alisema wiki sita bila tone, tuone presha itasemaje, maana madaktari wa macho wangerudi baada ya Pasaka. Lakini alinikataza kukata ghafla. Mtu aliyezoea kila siku, alisema, mwili unaweza kumgeukia. Kwa hiyo nilipunguza kidogo kidogo hadi Jumatano ya Majivu, nikipita kwake kila asubuhi kupimwa. Akanionya nikitetemeka sana, nikipata homa au nikianza kuona vitu visivyokuwepo, nikimbilie kwake hapohapo. "Usianze kwa kuomba, mama. Anza kuja, utaombea njiani." Hilo nalisema kwa makusudi, kwa sababu kuna mtu hapa atatoka na moto wangu akakate leo peke yake chumbani. Usifanye hivyo. Nenda zahanati kwanza.

Miaka yote Kwaresima yangu ilikuwa ya kuacha nyama na sukari. Nyama yenyewe naila Krismasi na harusini, kwa hiyo nilikuwa namtolea Mungu kitu ambacho sina! Mwaka huu ndiyo niliacha kitu ninachokitaka, na sikuwa na utakatifu wowote. Wiki mbili za kwanza nilitoka jasho, kichwa kiligonga, usingizi ukazidi kuharibika badala ya kutengenea. Nilimkemea jogoo kwa kuwika. Niligombana na mama mkwe kwa sababu ya ufagio. Katika sala nilimwambia Bwana kwamba yeye alifunga siku arobaini jangwani, nashukuru, lakini jangwani hapakuwa na wateja.

Maana wateja ndio walikuwa msalaba wangu. Vyungu sikuweza kuviacha, ndivyo vinavyotulisha. Nani sasa avute mrija wa kwanza? Dismas alijitolea. Alisema, "Wewe pumzika, Mama Neema, mimi nitaonja." Nikaona ni upendo, na ulikuwa upendo. Naomba mlikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Wateja walinung'unika lakini wakakubali. Maneno hayakukosekana. Mmoja alisema nimeokoka nimehamia kanisa lingine. Mwingine akasema nina mimba, kwa umri huu wa miaka hamsini na sita, asante sana. Wengine walinijia kwa huruma, wananiambia kidogo tu haidhuru, ni chakula hiki, ni ulezi, kinaongeza damu. Na kila aliyeniambia kinaongeza damu alikuwa na macho mekundu na mikono inayotetemeka. Niliwachoka. Niliwachoka mpaka nikatamani niwe kiziwi pia.

Wiki ya nne ndiyo ilikuwa zamu ya shamba letu. Mnajua wakati wa matuta, majirani wanaitana, wanakuja na majembe, wanafukia nyasi na kuinua matuta ya duara, na mwenye shamba anawapikia pombe. Walikuja watu kama ishirini. Walilima vizuri mpaka saa sita, nusu ya shamba ikawa matuta. Nikaleta vyungu, Dismas akamwaga maji ya moto, akavuta mrija wa chungu cha kwanza, akakisogeza. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Gaudensia akafuta jasho, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Wifi, wewe huvuti?"

"Kaka yako ameshavuta."

"Kaka yangu ulimlisha limbwata siku nyingi, hawezi kuwa kipimo. Mpishi ndiye anayejua alichotia. Kama wewe huivuti, sisi tunavutaje?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Nikaona, hata kwa macho yangu yale, mtu mmoja anaokota jembe lake, na mwingine. Nusu ya shamba iko wazi, mvua zinaelekea kuisha, na jina langu la miaka ishirini na saba liko pale chini kwenye nyasi. Mrija ulikuwa karibu. Harufu ilikuwa nzuri, mimi ndiye niliyeipika. Ningevuta mara moja tu. Na nikaelewa kwamba nilichomfanyia Gaudensia mwaka mzima ndicho ananifanyia mimi sasa, tena yeye ana sababu nzuri kuliko yangu.

Mkono ulishaanza kwenda, nawaambia ukweli. Kilichonizuia ni mama mkwe wangu, Bibi Fabiola. Alikuwa amekaa pembeni anapepeta ulezi wake, hasemi na mimi tangu ule ugomvi wa ufagio. Alinyanyuka, akaja na fimbo yake, akausukuma mkono wangu, akakaa mbele ya chungu.

"Leteni hapa," alisema. "Mimi miaka ninayo ya kutosha. Nikifa, watu mmeshakusanyika na majembe mnayo." Akavuta mrija. Akavuta kama mgeni anamtazama. Tukamsubiri. Akajifuta mdomo akasema, "Imechachuka kidogo kuliko ile ya mwezi uliopita. Haya, nyinyi mnangoja nini?"

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nilisema yote, pale shambani. Kwamba mashine ya hospitali haikuharibika, nilirudishwa kwa presha. Kwamba presha ni ya pombe niliyokuwa nasema siinywi. Kwamba jicho langu liko mikononi mwa wiki mbili zilizobaki, na nikivuta mrija naweza kulipoteza. Na kwamba mboga za Gaudensia zililiwa na kuku. Gaudensia akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akasonya, akaenda akachukua jembe lake, akarudi kwenye matuta, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Shamba liliisha siku ile. Pombe ilibaki, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwangu.

Sasa sikilizeni mwili ulivyojibu, na msiseme Oresta anatia chumvi, kwa sababu chumvi nayo nesi aliniambia nipunguze. Wiki ya tatu usingizi ulirudi. Nililala kama nilivyokuwa nalala nikiwa msichana, nikaamka nikijua jina langu. Moto wa kifua ulizimika, na maharage nilikuwa nakula yaleyale. Uso ulishuka. Wiki ya tano viatu vyangu vya kanisani viliingia, nikatembea navyo ndani ya nyumba kama mjinga, naenda jikoni narudi. Hasira zilipungua, ingawa Dismas atawaambia hazikuisha. Na presha ikawa inashuka kila nesi akipima, kidogo kidogo, hadi siku moja akaivua ile mashine mkononi mwangu, akageuza uso, nikadhani ni mabaya, kumbe binti wa watu analia. Vidonge nilikuwa nameza vilevile vya zamani. Tofauti ni kwamba sasa nilimezea maji.

Baada ya Pasaka nilivaa tena lile gauni la kufungwa nyuma. Wakanipima. Daktari akasema, "Mama, twende." Neno moja tu, na nilikuwa nimelisubiri mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi walinitoa bandeji. Nesi wa wodi akanifuta jicho, akaniambia nifungue taratibu. Nikaona ukuta, nikaona rangi yake. Nikaona dirisha na mti nje yake, kila jani peke yake. Nikageuza kichwa. Pembeni ya kitanda, kwenye stuli, alikuwa amekaa mzee nisiyemfahamu. Uso umemvimba, macho mekundu, midomo imekauka. Ameshika kikombe cha uji na uji unamwagika kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka. Nikadhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Akanitazama. "Mama Neema," akasema, "ni mimi."

Ndugu zangu, alikuwa Dismas.

Nilikuwa nimepata afya, na kazi yangu iliyokuwa inaniua nilimkabidhi nani? Wiki zote zile nilikuwa nasikia sauti yake uani, amechangamka, anacheka na wageni, nami namshukuru Mungu kwa mume mwema. Sikumwona. Nilikuwa naona kivuli kinachopita na chungu. Naye hakusema, kwa sababu alikuwa anaonja tu, na alikuwa anaonja kwa ajili yangu. Nililia mpaka nesi akanigombeza, akasema jicho jipya halitaki machozi. Nilikuwa nimemwomba Mungu jicho nisije nikaamkia visiki. Amenipa, na kitu cha kwanza kunionyesha ni hicho.

Tuliporudi nyumbani nilimwekea ndoo. Alibisha, kama nilivyobisha mimi. Akaimba asubuhi, kama nilivyoimba. Yake ilijaa kabla ya saa kumi, maana yeye akivuta mrija anavuta kwa moyo wote. Nikampeleka kwa binti wa Mwazye, akapunguza taratibu, na leo ni siku yake ya kumi na moja bila tone. Yuko pale, benchi la tatu, amenuna kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kusema haya. Nuna tu, Baba Neema. Nakuona.

Vyungu nimevifudikiza vyote. Siwezi kumwambia mtu apumzike huku nachemsha maji ya moto pembeni yake. Tutakula tutakachovuna, na ulezi utauzwa ukiwa ulezi. Wiki ijayo mnakuja kutuvunia, na mtakuta togwa isiyolevya. Nasema mapema ili pasiwe na mshangao shambani. Atakayeona togwa haimfai, kisu chake ni chake, njia anaijua. Na mrija wa kwanza nitauvuta mimi mwenyewe, mbele yenu, mpaka mridhike.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi, namshukuru mama mkwe ambaye mpaka sasa hajakubali kwamba alinisaidia, anasema alikuwa na kiu. Sikuja kumwambia mtu kwamba kila mnywaji ni mwovu, wala sikuja kumwapiza mtu. Ninachowaomba ni kidogo. Jaribuni wiki sita. Mpumzisheni huyo mtu aliye ndani yenu, mwone uso wake unavyofanana. Mwaminini Mungu kwamba hamtakufa, na mwaminini nesi akiwaambia mwanze vipi.

Mkoba wangu huu hapa. Ndani yake kuna mirija miwili, wangu na wa Dismas. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni nimeufungua. Anayetaka kunitunzisha wa kwake aniwekee humo, nitautunza wiki sita, kisha aje auchukue kama bado anautaka. Nafasi ipo, na sasa nawaona wote.